Betri mbili zimenifia: ya tatu ninunue ya chapa gani?

Swali la msomaji wa Wete, Pemba: "Assalaam alaykum, fundi. Ninaendesha gari ndogo ya Kijapani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kazi yake kubwa ni kunipeleka skuli ninakosomesha na kunirudisha nyumbani, mwendo wa dakika tano au sita. Tangu niipate nimeshabadilisha betri mara mbili. Ya kwanza ilikuwa imefufuliwa na fundi, ikanitupa baada ya miezi michache. Ya pili niliinunua mpya dukani, imeandikwa NS60L, na haijatimiza mwaka na nusu, lakini sasa kila asubuhi gari haiwaki mpaka nibusti kwa jirani. Muuzaji ananishauri nichukue kubwa zaidi, 55D23L. Shemeji yangu anasema niagize Dar es Salaam kwa kuwa huko ni rahisi. Naomba unitajie chapa moja ya kuaminika niinunue, niondokane na usumbufu huu."

Waalaykum salaam, Mwalimu. Chapa nitakutajia, lakini naomba unikubalie niiweke mwisho, kwa sababu katika hali ya hewa ya visiwa vyetu jina lililoandikwa juu ya boksi halina nguvu kubwa ya kuamua betri itaishi muda gani. Yanayotangulia ni hali ya mfumo wa chaji wa gari yako, umri wa betri siku unayoinunua, ukubwa unaolingana na gari, na muuzaji unayeweza kumrudia bila ya kupanda boti. Mtu akiyapuuza hayo, hata betri bora kutoka Japani itamfia kama zilivyokufia hizo mbili, na atakuwa amelipia jina tu.

Betri mbili zikifa mfululizo katika gari moja, wa kutiliwa shaka kwanza ni gari. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, azima au nunua mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo, uipime betri asubuhi kabla hujawasha kitu chochote. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4, imebakiwa na chaji kiasi cha robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Kisha mwombe mtu apige stata huku wewe umeshikilia mita juu ya vichwa vya betri: ikishuka chini ya volti 9.6, ama betri imechoka ama haikushiba chaji, na ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili inabidi ichajiwe mpaka ijae, kisha irudiwe kupimwa. Gari ikishawaka, ongeza mafuta kidogo ili injini izunguke kwa kasi ya wastani, washa taa kubwa na kiyoyozi, upime tena. Mita inapaswa kusoma baina ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa haifiki hata 13.5, alteneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri) haiilishi betri ipasavyo, au mkanda wake unateleza. Ikiwa inapanda kupita 14.8, regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, imeharibika, betri inachemshwa, maji yake yanakauka, na hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza betri ya kustahimili hilo kwa muda mrefu. Baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi betri inapojaa, kwa hiyo kwa magari hayo usihukumu kwa kipimo kimoja tu.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita upesi ni waya wa ethi, yaani ule unaotoka kichwa cha hasi cha betri kwenda kwenye bodi na injini. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na chumvi hiyo haichagui gari ya Wete wala ya Mkokotoni. Fungua klempu ya hasi na utazame ndani yake. Risasi ya ndani inapaswa kung'aa. Ikiwa imepiga weusi, na ukaona unga mweupe au wa kijani umepenya chini ya ganda la waya, basi umeme unapotea hapo kabla haujafika kwenye stata. Utaweza kuthibitisha kwa mita ile ile: weka ncha moja juu ya kichwa cha hasi chenyewe, si juu ya klempu, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo ni waya au viungo vyake. Nimeona magari ambayo yamebadilishwa betri, kisha stata, na ugonjwa haukuondoka mpaka ulipobadilishwa waya mmoja ulioliwa na chumvi.

Baada ya hapo, tazama kama kuna kitu kinachonyonya betri wakati gari imelala. King'ora kilichofungwa baadaye, redio iliyoungwa ovyo, kamera ya mbele, au taa ndogo ya buti isiyozima, vyote hula umeme usiku kucha. Gari ya kawaida ikishalala haipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa siku moja ni ampea-saa (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) 1.2, na kwa likizo ya wiki mbili ni karibu ampea-saa 17, wakati betri yako nzima ina 45 tu ikiwa mpya. Gari inayovuta mara tatu ya hapo hula zaidi ya nusu ya betri hiyo ndani ya wiki moja bila ya mtu kuigusa. Fundi umeme yeyote mwenye mita anaweza kulipima hili kwa kuipitisha mita baina ya kichwa cha hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa, na kuchomoa fyuzi moja moja mpaka mnyonyaji ajulikane.

Katika habari uliyonipa kuna jambo moja ambalo nina hakika limechangia, nalo ni safari ya dakika tano. Kila unapopiga stata unatoa umeme mwingi kwa muda mfupi, na alteneta inahitaji muda kuurejesha, hasa wakati wa masika, ambapo taa, wipa na feni ya kuondoa ukungu kiooni vyote vinafanya kazi pamoja na injini inazunguka polepole. Betri ya gari yako haijai hata siku moja. Inaishi katika robo tatu ya chaji, na betri ya risasi inayoishi hivyo hujenga chumvi ya salfeti ya risasi juu ya bamba zake. Chumvi hiyo mwanzoni ni laini na huyeyuka betri ikichajiwa, lakini ikikaa sana hugeuka ngumu, na sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Dawa yake ni kuipeleka gari safari ya kweli angalau mara moja kwa wiki; kwenda Chake Chake na kurudi bila ya kuzima injini njiani kunatosha. Kama safari hiyo ni gharama kwako, nunua chaja ndogo ya nyumbani inayojizima yenyewe, uiunge usiku mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Bei ya chaja ni ndogo kuliko bei ya betri, na kwa matumizi yako naiona ni ya lazima.

Sasa nije kwenye joto, kwa sababu hapa ndipo ushauri tunaousoma kutoka nchi nyingine unapotupoteza. Huko Ulaya na Marekani ya kaskazini watu huogopa baridi, kwa kuwa baridi huizuia injini kuwaka. Lakini kinachoiua betri polepole ni joto. Wahandisi wana kanuni ya jumla kwamba, betri ikipata joto zaidi ya nyuzi 25 za Selsiasi, kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka hukaribia kuzidisha maradufu kasi ya kuchakaa kwake. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, kivulini kwetu huwa nyuzi 32 au 33, na chini ya boneti, gari ikiwa imesimama juani baada ya kuzimwa, joto hupita 50 kwa urahisi. Vyuma vya ndani vinavyoshikilia bamba huliwa upesi, maji hupungua, na vitenganishi huchakaa. Kwa hiyo usilinganishe betri yako na ya ndugu aliyeko Uingereza anayesema yake ina miaka saba. Hapa, betri ya kawaida iliyotunzwa ikifika miaka miwili na nusu mpaka mitatu imefanya kazi yake kwa heshima. Iliyokufa kabla ya mwaka na nusu, kama yako, ina sababu, na sababu hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kutokana na hilo, usishawishike na namba kubwa ya CCA iliyoandikwa kwenye lebo. Herufi hizo zinaonesha ni ampea ngapi betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa imepozwa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo Pemba haijaijua wala haitaijua. Ili kuipandisha namba hiyo, kiwanda huongeza idadi ya bamba kwa kuzifanya nyembamba, na bamba nyembamba ndizo zinazoliwa mapema na joto. Inatosha namba hiyo isiwe chini ya ile ya betri iliyokuwemo. Ukiwa na betri mbili za ukubwa mmoja mbele yako, namba zake zikiwa zinakaribiana, zinyanyue moja baada ya nyingine kwa mikono yako: iliyo nzito zaidi kwa kawaida ina risasi nyingi zaidi ndani, na risasi ndiyo unayoinunua. Betri mpya iliyo nyepesi kwa namna ya kukushangaza iache hapo hapo, hata kama lebo yake inapendeza.

Kuhusu 55D23L aliyokushauri muuzaji, jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu namba hizi zikishafahamika huwezi kudanganywa tena. NS60L na 46B24L ni betri ya umbo moja iliyopewa majina mawili, la zamani na jipya la viwango vya Japani. Namba ya kwanza, 46, ni daraja la nguvu. Si ampea-saa, ingawa wauzaji wengi huisoma hivyo. Herufi B ni upana na kimo cha boksi. Namba 24 ni urefu wake kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, ni upande vilipo vichwa: ikiwa umesimama mbele ya betri na vichwa vyote viwili viko karibu na tumbo lako, basi kwa L chanya iko kulia kwako, na kwa R iko kushoto. Ukikuta S mwishoni, kama 46B24LS, maana yake vichwa vyake ni vinene. Bila ya S ni vyembamba.

Ukiisoma 55D23L kwa utaratibu huo utaona kwamba urefu wake unakaribiana na wa betri yako, lakini upana wake ni kiasi cha sentimita 17, na wa yako ni karibu 13. Haitakaa kwenye kikalio, chuma cha kuibana hakitaifaa, na vichwa vyake vinene havitaingia katika klempu nyembamba za gari yako mpaka fundi azipanue kwa nyundo na bisibisi. Betri isiyobanwa hutikisika, na barabara zetu za ndani zinaijua kazi hiyo. Bamba humeguka, unga wa risasi huanguka chini, seli moja hufa, na betri nzima haifai tena. Wako pia wanaonunua R mahali pa L, waya wa chanya ukawa haufiki, fundi akauunga kwa kipande cha waya mwembamba na kukifunga kwa utepe mweusi. Kipande hicho hupata moto kila ukipiga stata, na ninawasihi wenye magari wasikikubali hata kwa safari moja, kwa sababu gari huungua hivyo.

Tena, betri kubwa haitatibu ugonjwa wa safari fupi. Alteneta ile ile, kwa dakika zile zile tano, itakuwa na tangi kubwa zaidi la kujaza. Kama unataka nguvu zaidi, pandisha namba ya kwanza peke yake na uziache herufi na namba zinazofuata kama zilivyo: 55B24L ina boksi lile lile na itakaa pale pale bila ya kukata wala kuunga. Na ukiwa dukani, usishangae kuona betri mbili zinazofanana, moja imeandikwa ampea-saa 36 na nyingine 45. Ya kwanza imepimwa kwa kutoa umeme ndani ya saa tano, ya pili ndani ya saa 20. Huenda uwezo wao ni mmoja.

Kwa wasomaji wengine wenye magari mapya kidogo, yale yanayojizima yenyewe kwenye mataa, niongeze kwamba hayo yana betri zake maalumu, zenye maandishi kama M-42, N-55 au Q-85, na ukiweka ya kawaida utaiua mapema. Na magari ya haibridi, au yoyote ambayo betri yake ndogo iko nyuma ndani ya gari, yanahitaji betri yenye kimrija cha kutolea hewa nje, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa haidrojeni. Usikubali ya kawaida iwekwe ndani.

Betri iliyofufuliwa sitaizungumza sana. Ama imebadilishwa asidi na kuchajiwa, ama imefunguliwa na seli zilizokufa zikawekwa nyingine zilizotolewa katika betri tofauti. Dukani itasoma 12.6 kama mpya, lakini ikibebeshwa mzigo wa stata kwa wiki kadhaa, seli dhaifu huzivuta chini zilizo nzima. Bei yake ukiigawa kwa miezi inayoishi ni ghali kuliko mpya.

Ukienda kununua, swali lako la kwanza liwe ni lini betri ilitengenezwa. Betri iliyojazwa asidi huanza kuzeeka ikiwa ingali dukani, kwa kuwa hujipotezea chaji yenyewe kidogo kidogo, na kwa joto letu hujipotezea upesi zaidi. Ikikaa miezi mingi bila ya kuchajiwa, ile chumvi ngumu niliyoieleza hujengeka kabla hata hujaifunga kwenye gari. Ndiyo maana mtu huapa kwamba alinunua mpya, naye ni mkweli, lakini alichonunua kilishakuwa kizee. Viwanda vingine hubandika mwezi na mwaka kwa uwazi, vingine hupiga muhuri wa namba kwenye mfuniko au kichwani. Mwambie muuzaji akusomee muhuri huo. Muuzaji anayeijua biashara yake atakusomea bila ya kusita. Asiyeweza, au ambaye muhuri wake umekwaruzwa, mshukuru uondoke. Mimi sichukui iliyopita miezi sita tangu kutengenezwa. Kisha toa mita yako na uipime: ikisoma chini ya 12.4, muombe nyingine. Tazama pia zilivyowekwa. Duka linalozipanga betri barazani, zikipigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, linakuuzia betri zilizopungua umri wake, na mwenye duka huenda halijui hilo.

Ipo njia nyingine ambayo kwa Pemba, ambako betri huweza kukaa sana dukani kabla hazijapata mnunuzi, naipenda: betri inayokuja kavu kabisa, na asidi hutiwa mbele yako siku unayoinunua. Umri wake wa kweli huanza siku hiyo. Lakini sharti asidi iwe ile iliyokwisha tayarishwa kwa betri, ambayo kwenye haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, husoma baina ya 1.25 na 1.28, iachwe nusu saa hivi bamba zinywe, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa kwenye gari. Muuzaji anayemimina asidi na kukukabidhi papo hapo amekunyima sehemu ya betri yako. Na tangu siku hiyo, usiongeze asidi tena maishani mwake. Kinachopungua ni maji tu, na kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa tu; si ya kisima, ambayo kwetu yana chokaa na mara nyingi chumvi, wala si ya mvua yaliyopita juu ya bati.

Hiyo usiichanganye na zile zinazoitwa madukani "betri kavu". Hizo ndani yake zina asidi ya maji kama nyingine, ila vizibo vyake havifunguki. Zinafaa kwa mtu asiyekuwa na nafasi ya kufungua boneti, lakini maji yakikauka hayarudishwi, kwa hiyo gari yenye regyuleta mbovu huziua haraka. Kama wewe uko tayari kuangalia maji mara moja kwa mwezi, chukua yenye vizibo sita vinavyofunguka. Kwa joto letu, ndiyo inayokupa nafasi ya kuisaidia.

Sasa chapa, kama nilivyoahidi. Yuasa na GS ni za Kijapani, na kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 2004. Amaron ni ya India. Varta na Bosch zina asili ya Ujerumani. Zote hutengeneza betri nzuri, na nikikuta ya ukubwa sahihi na tarehe ya karibuni katika yoyote kati ya hizo, nitaichukua bila ya wasiwasi. Lakini jina halitoshi. Chapa moja huweza kutengenezwa katika viwanda vya nchi mbalimbali, na Exide ya India na Exide yenye asili ya Marekani ni kampuni mbili zisizohusiana. Juu ya hayo, jina maarufu ndilo linaloigizwa zaidi: tazama tahajia ya maneno kwenye lebo, tazama kama lebo imebandikwa juu ya nyingine, na kama namba iliyopigwa kwenye boksi inalingana na iliyo kwenye karatasi ya dhamana. Kwa uamuzi wangu, chapa ya daraja la kati yenye miezi miwili ni bora kuliko chapa kubwa yenye mwaka na nusu.

Shemeji yako ana haki kuhusu bei ya Dar es Salaam, lakini dhamana ndiyo inayonifanya nisikubaliane naye. Betri ikileta matatizo mwezi wa saba, muuzaji atataka kuiona kwa macho yake, na kuirudisha maana yake ni kupata chombo cha kuibeba, kuisafirisha ikiwa imesimama wima asidi isimwagike, na kulipa kwenda na kurudi. Hapo nafuu uliyoipata imeshaliwa. Nunua Wete au Chake Chake, kwa mtu mwenye mashine ya kupimia betri na anayekubali kuipima mbele yako siku ya kununua. Dhamana iwe ya maandishi, yenye namba ya betri, tarehe na muhuri wa duka, pamoja na risiti. Uliza pia inasimamia nini: kubadilishiwa nyingine, au kuchajiwa na kurudishiwa ile ile? Muuzaji akikataa kutekeleza alichokiandika, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, nao watataka karatasi hizo hizo. Na hiyo NS60L uliyonayo, tafuta karatasi zake leo. Ikiwa dhamana haijamalizika, ichajiwe mpaka ijae, uipeleke ikapimwe kwa mzigo mbele ya aliyekuuzia, kabla hujanunua nyingine.

Siku ya kuifunga, mwambie fundi aanze kuvua hasi na amalizie kuirudisha hasi, pasiwe na sigara wala cheche karibu. Kama gari yako bado ina redio ya Kijapani ya ramani, mwambie kabla: nyingi katika redio za Toyota hujifunga zikikatiwa umeme na kuanza kuomba namba ya ERC, yaani namba ya siri ya kuifungua redio, na kuipata namba hiyo ni shughuli nyingine. Fundi anaweza kuziunga waya kwenye betri ya pili kwa muda huo ili umeme usikatike, ilimradi awe mwangalifu klempu ya chanya isiguse bodi. Vichwa visafishwe, vikazwe, kisha vipakwe grisi au mafuta ya mgando. Kila ukiona unga umeanza kuota, uoshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi soda huku vizibo vimefungwa, usuuze, ukaushe, upake tena.

Ile ya zamani irudishe dukani au umuuzie mnunuzi wa skrepa ikiwa nzima na asidi yake ndani, ikiwa imesimama wima. Wako watakaokuambia uimwage ili iwe nyepesi, na wako wavuvi watakaotaka bamba zake wayeyushe wapate chubwi za mishipi. Wakatalie wote wawili. Moshi wa risasi inayoyeyushwa uani huvutwa na watoto wanaocheza hapo, na risasi huharibu akili zao hata kwa kiasi kidogo. Na asidi inayomwagwa nyuma ya nyumba huteremka pamoja na risasi iliyomo ndani yake mpaka kwenye maji ambayo shehia nzima huyateka kisimani.